Maua meupe kando ya njia ya gari: jinsi nilivyolitambua gugu karoti nyumbani kwetu

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yamekolea, binti yangu mwenye umri wa miaka minane alichuma kishada cha maua meupe kando ya njia ya gari, akakitia katika chupa ya maji na kukiweka katikati ya meza ya chakula. Nilimsifu kwa dhati, kwa sababu kilipendeza: maua yalikuwa madogo kuliko kifungo cha shati, mengi kwa pamoja, meupe kama maziwa, yamebebwa na vijitawi vyembamba vilivyogawanyika na kugawanyika tena. Kilikaa mezani siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne mtoto aliamka kope zikiwa zimevimba, na upele mwekundu ulikuwa umejitokeza shingoni na katika mikunjo ya viwiko. Zahanati tuliambiwa kwamba ni mzio, tukapewa dawa ya kunywa na ya kupaka, tukaagizwa kuchunguza chakula chake. Tulimwachisha mayai, tukamwachisha karanga, na upele ukaisha. Lakini Jumamosi iliyofuata, baada ya kunisaidia kupalilia pembezoni mwa njia kwa muda usiozidi saa moja, upele uleule ulirudi mahali palepale. Ndipo nilipoanza kuliangalia lile ua.

Tunaishi pembezoni mwa jiji la Arusha, upande wa Njiro, katika kiwanja ambacho nusu yake ni bustani ya mboga na nusu nyingine tuliiacha wazi kwa ajili ya gari, kamba za nguo na michezo ya watoto. Mwezi wa Oktoba uliotangulia, kabla ya mvua za vuli, tulinunua malori mawili ya moramu ili tuitengeneze njia inayotoka getini hadi kwenye tanki la maji, maana kila masika gari lilikuwa linazama. Mimea ya kwanza ilichomoza Desemba, kwenye kingo za njia ileile, na nilipokuwa nikilima niliizungukia kwa jembe na kuiacha, nikidhani ni maua ya porini yaliyojiotea yenyewe. Kufikia Aprili ukanda mzima wa upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Ninakiri kwamba niliulea, na hata mara mbili niliumwagilia maji wakati wa jua kali la Februari.

Hatua yangu ya kwanza ya kuutambua mmea ilikuwa ileile ambayo watu wengi huichukua siku hizi: nililipiga ua picha kwa simu, nikaikabidhi programu ya kutambua mimea. Ilinipa majina matatu. Nilipoipiga picha nyingine kwa pembe tofauti, ilinipa mengine mawili. Siilaumu programu, kwa sababu nilikuwa nimeionyesha kitu ambacho mimea mingi inacho. Maua madogo meupe ni sawa na kumweleza mtu kwamba unamtafuta bwana mmoja aliyevaa shati jeupe katika Soko Kuu la Arusha siku ya Jumamosi. Nilichopaswa kufanya ni kuung'oa mmea mzima, kuanzia mzizi hadi ncha, na kuusoma wote.

Nilivaa glovu za mpira za jikoni, nikang'oa mche mmoja mkubwa, mmoja wa umri wa kati na mmoja mchanga kabisa, nikailaza yote juu ya gazeti barazani. Kuiona mitatu pamoja kulinifungua macho, kwa sababu mche mchanga na mche mzima wa mmea huu havifanani hata kidogo, na mtu anayeujua kwa sura moja tu ataipita ile nyingine bila kushtuka.

Mche mchanga hauna shina. Una majani yaliyotandaza duara juu ya ardhi, yakiwa yamelala chini kama mkeka, na kila jani limekatwakatwa hadi karibu na uti wake kwa namna inayomkumbusha mtu jani la karoti. Majani hayo ya chini yanaweza kufikia urefu wa sentimita 20. Rangi yake ni kijani kilichopauka, na ukiliinua jani dhidi ya mwanga utaona vinyweleo laini vilivyolifunika lote. Katika hali hii ya duara mmea huikandamiza mimea midogo iliyo chini yake, na ni hali hii hasa ambayo ningemwomba kila mwenye nyumba aijue kwa moyo, kwa kuwa bado haina ua na bado haina mbegu.

Mche wa umri wa kati umeanza kuinuka. Shina linatoka katikati ya lile duara, na lina mifereji inayokwenda kutoka chini hadi juu, mifereji ambayo unaweza kuihisi kwa ukucha hata ukiwa umevaa glovu. Shina nalo lina vinyweleo. Majani ya juu ni madogo kuliko ya chini na hayajakatwa sana, na, jambo muhimu kuliko yote niliyojifunza siku ile, yanapishana: jani moja linatoka kulia, linalofuata linatoka kushoto mahali pa juu zaidi, wala hayatoki mawili mawili yakitazamana.

Mche mkubwa ulikuwa na urefu unaonifikia kiunoni, nao unaweza kufika mita moja na nusu na wakati mwingine hata mbili. Juu ulikuwa umejitawanya matawi mengi, yote yakiishia katika vishada vya maua. Nilichukua kioo cha kukuzia ambacho mume wangu hutumia kusomea maandishi madogo, nikalitazama ua moja. Tunachokiita ua hapa ni kichwa chenye maua mengi madogo yaliyobanana, kama ilivyo kwa alizeti, ambayo ni jamaa yake. Kichwa kina upana wa milimita nne au tano hivi, na ukikitazama kutoka juu utaona kina pembe tano. Katika kila pembe kuna kijiua kimoja chenye petali fupi mno, fupi kiasi kwamba macho matupu huiona kama nukta. Vijiua hivyo vitano vya pembeni ndivyo pekee vinavyozaa, na kila kimoja huzaa mbegu moja nyeusi yenye urefu wa milimita mbili hivi. Vya katikati hutoa chavua tu. Mbegu inapodondoka hubaki imeshikana na vijiua viwili tasa, navyo huisaidia kuelea juu ya maji na kubebwa na upepo. Nilikaa nikipiga hesabu: vichwa elfu tatu, ambavyo ni vya kawaida kwa mmea uliostawi, ni mbegu 15,000. Mmea mkubwa uliopata nafasi na maji huzaa zaidi ya hapo kwa mbali.

Baada ya hapo nilizunguka bustani na mtaa wetu nikikusanya kila kitu kilichoweza kunichanganya, na zoezi hili ndilo lililonipa uhakika. Wa kwanza ulikuwa kishona nguo, ambao nao una maua meupe na huota popote. Lakini majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana, shina lake lina pembe nne, kitovu cha ua lake ni cha njano, na mbegu zake ni zile sindano nyeusi ambazo kila mtoto aliyewahi kukatiza shambani amezibandua kwenye soksi. Wa pili ulikuwa bangi pori, ule mmea mrefu wenye harufu kali ambao wakulima wa Arusha hukutana nao katika mashamba ya mahindi. Majani yake yamegawanyika kweli, lakini ukiyainua kwenye mwanga yana vitone vya mafuta vinavyoangaza, na vichwa vya maua yake ni vijibomba vyembamba vya njano iliyopauka. Karoti yenyewe niliyokuwa nimeiacha itoe mbegu, pamoja na giligilani, zilijitenga mara moja, kwa sababu maua yake hujipanga kama mwavuli uliofunuliwa, vijiti vyote vikitoka katika kitovu kimoja, na majani yake ukiyasugua hutoa harufu ya jikoni. Atemisia, inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria, ilinitatiza kidogo kwa majani yake, hadi nilipokumbuka kwamba harufu yake ni tamu na kali, na vichwa vyake ni vya njano, vimeinama. Mmea wa kwetu haukuwa na harufu ya karoti, haukuwa na mwavuli, haukuwa na kitovu cha njano, na haukuwa na majani yanayotazamana.

Jioni nilimpelekea jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya ugani wa kilimo, mche mmoja niliouviringisha katika gazeti. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla sijamaliza kulifunua gazeti akanyoosha mkono kunizuia.

"Mwanangu, hilo ni gugu karoti. Umelishika kwa mkono mtupu?"

Nilimwonyesha glovu. Alichukua kijiti, akaligeuza shina, akanionyesha mifereji na pembe tano za ua, yale yale niliyokuwa nimeyaona barazani, ila yeye aliyaona kwa muda wa kusema salamu. Aliniambia kwamba hapa nchini gugu hili liliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2010, na kwamba liliripotiwa hapa hapa Arusha. Jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus, jina alilolipa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, mwaka 1753, na kwao ni nchi za joto za Amerika, hasa maeneo yanayoizunguka Ghuba ya Meksiko.

Nilipofuatilia safari yake baadaye, nilielewa kwa nini wataalamu wanaliogopa. Katika miaka ya 1950 lilionekana Pune, nchini India, na kutoka hapo likalienea bara hindi karibu lote. Huko wanaliita kwa Kihindi gajar ghas, yaani majani ya karoti, kwa hiyo watu wawili waliotenganishwa na bahari walilitazama jani lilelile na kulipa jina lilelile. Australia lilifika katika jimbo la Queensland pamoja na mbegu za nyasi za malisho zilizotoka Marekani. Ethiopia lilionekana katika miaka ya 1970, na katika muongo huohuo likaonekana Kenya katika mashamba ya kahawa. Halina mabawa wala miiba ya kung'ang'ania kama kishona nguo. Linasafiri ndani ya nafaka, ndani ya majani ya ng'ombe, katika matope ya matairi, katika samadi, katika maji ya mifereji, na ndani ya mchanga, kokoto na moramu.

Wiki hiyo nilimpigia simu dereva wa lori aliyetuletea moramu, nikamwomba anielekeze machimbo yalipo. Nilikwenda. Ukingo wote wa shimo, mahali ambapo udongo wa juu ulikuwa umesukumwa pembeni ili moramu ipatikane, ulikuwa mweupe kama ukanda wa nyumbani kwetu. Vijana waliokuwa wakipakia walikuwa wakiyakanyaga maua hayo na kuyachota kwa koleo pamoja na udongo. Nilipomwonyesha mmoja wao, alinijibu kwa upole, "Mama, hayo ni majani tu." Sikukasirika naye, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeyaita hivyo kwa miezi mitano. Ila niliumia kuhesabu malori yaliyoondoka pale wakati nimesimama, kila moja likielekea kwenye kiwanja cha mtu.

Sumu ya gugu hili inaitwa parthenini. Imo katika majani, katika vinyweleo, katika maua na katika chavua, na ndiyo inayowasha ngozi, kuvimbisha macho na kuchochea mafua ya mzio na pumu. Wengi hawadhuriki siku ya kwanza. Mwili hujenga chuki yake polepole kwa kuguswa mara kwa mara, kisha siku moja hauvumilii tena, na kuanzia hapo hata vumbi la mmea mkavu linatosha. Hilo lilinieleza kwa nini binti yangu alicheza pembeni mwa maua hayo tangu Desemba bila tatizo, na pia kwa nini upele ulichagua kope, shingo na mikunjo ya viwiko, sehemu ambazo vumbi hujikusanya. Mifugo nayo hulikwepa ikiwa ina chaguo, lakini ng'ombe anayelishwa majani yaliyochanganyika nalo hutoa maziwa yenye uchungu. Mizizi na majani yanayooza huachia sumu hiyohiyo katika udongo na kudumaza mimea ya jirani, na hapo nilikumbuka mchicha wangu wa upande wa njia, ambao niliupanda mara tatu nikidhani mbegu zilikuwa mbovu.

Kuliondoa kulituchukua majuma matatu, na ningependa kueleza kwa uwazi tulivyofanya, kwa sababu nilikaribia kukosea. Nilitaka kumwita kijana wa kufyeka aje na panga amalize kazi kwa asubuhi moja. Mzee alinizuia: likikatwa juu, huchipua upya kutoka shinani na kutoa maua karibu na ardhi, na lile fyekeo lenyewe hurusha mbegu zilizokomaa hadi mahali ambapo hazikuwapo. Linapaswa kung'olewa na mzizi wake, udongo ukiwa na unyevu, na vema zaidi kabla halijatoa ua. Tulivaa mikono mirefu, glovu, viatu vya kufunika na barakoa, na watoto tuliwapeleka kwa shangazi yao. Miche iliyokuwa bado duara tuliing'oa na kuianika juani mizizi ikiwa juu. Ile yenye maua tuliiinamisha taratibu ndani ya kiroba kabla ya kuivuta, ili mbegu zidondokee ndani, kisha viroba tukavifunga na kuvifukia katika shimo refu nyuma ya banda, mbali na rundo la mboji. Katika mboji gugu hili halipaswi kufika kamwe likiwa limechanua, kwa sababu mboji ya nyumbani haipati joto la kutosha kuziua mbegu, na mwakani utaisambaza kwa mkono wako mwenyewe katika kila tuta.

Nguo tulizovaa tulizifua peke yake. Matairi ya gari niliyaosha getini, na nilifanya hivyo kwa miezi miwili.

Wapo wadudu wanaolila. Mbawakawa mmoja mdogo kutoka Meksiko, Zygogramma bicolorata, hula majani yake, na nchi kadhaa, zikiwemo India, Australia, Afrika Kusini na Ethiopia, zimewaachilia mbawakawa hao mashambani baada ya majaribio ya kuhakikisha kwamba hawatahamia kwenye mazao. Hiyo ni kazi ya serikali na watafiti, nasi hapa Arusha tuna bahati ya kuwa na makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pale Ngaramtoni. Mwenye nyumba anayeona ukanda mweupe kando ya barabara ya mtaa wake afikishe habari kwa afisa ugani wa kata pamoja na picha ya mmea mzima, ikionyesha duara la majani, shina na maua, wala asipeleke picha ya ua pekee kama nilivyofanya mimi.

Mahali pale tuliponyofoa hatukupaacha wazi. Gugu karoti hupenda ardhi iliyochimbuliwa, iliyokanyagwa au iliyoachwa tupu, na hushindwa pale ambapo nyasi zimeshonana. Tulipanda ukoka kwa vipande, kwa nafasi ya kiganja kimoja, na kufikia Agosti ulikuwa umeshikana karibu wote. Mbegu zilizobaki ardhini zina uwezo wa kungoja kwa miaka, na kutoka kuota hadi ua la kwanza mmea unahitaji majuma manne tu. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu wa kuikagua njia siku ya Jumapili, kila baada ya majuma mawili, nikitembea taratibu nikiwa nimeinama, hasa baada ya mvua. Mvua za vuli zilipoanza nilikuta miche 11 katika ukaguzi mmoja, yote midogo kuliko kiganja, na hakuna hata mmoja uliokuwa umeanza shina.

Mwezi uliopita tulihitaji kokoto za kujengea kibaraza cha tanki. Niliagiza lori moja, na nikamwomba dereva azimwage nje ya geti, juu ya sakafu ya zege ambapo zamani tulikuwa tunaoshea gari, badala ya kuziingiza ndani. Fundi hakufurahi, kwa kuwa inambidi abebe kwa toroli, lakini alikubali kusubiri. Kokoto ziko pale hadi sasa. Jana jioni niliziangalia upande unaopata jua la asubuhi, ambako udongo ulioshikamana nazo umekusanyika chini ya lundo, na palikuwa na miche miwili ya duara, yenye majani manne kila mmoja.